Mwaka Niliomwendesha Karani

Faraj alicheka. Hilo ndilo lililonikalisha leo na daftari la mwanangu, nimeligeuza nyuma mbele, naandika. Tulikuwa kwenye chakula cha mchana Makadara, watu watano tuliowahi kufanya kazi chumba kimoja, hatujaonana miaka saba, naye ametoka Nairobi na tumbo jipya na saa ya mkononi inayomhesabia hatua zake. Biriani ilikuwa nzuri, sikatai. Akala, akajifuta vidole, akamgeukia mkewe aliyekuja naye akamwambia, "Hawa hawa unaowaona. Kuna mwaka mashine ilituchezea shere, siku ikawa yaingia magharibi, zahanati nzima haijui leo ni leo au leo ni kesho." Mkewe akacheka kwa adabu. Wengine wakacheka kwa kuwa yeye ndiye anayelipa. Mimi niliweka kijiko. Nikamuuliza, "Mashine gani, Faraj?" Akasema, "Ah, Mama Tima, wewe nawe! Yamepita hayo." Hayajapita. Yangekuwa yamepita ningecheka na mimi, maana kucheka najua. Basi nitayasema yalivyokuwa, hata yale yanayonivua nguo mwenyewe. Mashine haikutuchezea. Ilifanya kila ilichoambiwa, na walioiambia walikuwa watatu, na mmoja wa hao watatu ni mimi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha kidato cha nne, na mtoto wa miezi saba. Habari za babake Tima si za hapa, na za kwetu pia ziache. Cha kujua ni kwamba nilihitaji kazi, na kazi iliyonikubali na mtoto mgongoni ilikuwa moja tu, kwa Shabirbhai, orofani, juu ya kinu cha bizari. Ngazi zilikuwa za mbao, nyembamba, kila daraja na unga wa manjano pembeni usiofagilika. Kinu kikianza saa mbili asubuhi, sakafu ilitetema mpaka vikombe vikatembea juu ya meza, tukajifunza kuweka chai katikati. Tukifunga madirisha twafa na joto, tukiyafungua pilipili yaingia, na Tima alipiga chafya mpaka Shabirbhai mwenyewe akaja na kipande cha chandarua akamtundikia chini ya meza yangu, akasema, "Huyu ndiye mfanyakazi wetu mdogo, msimsumbue." Nampa haki yake: alikuwa mtu mwema. Ningependa awe mtu mbaya, hasira yangu ingepata pa kukaa. Babu zake walitoka Gujarati na majora ya nguo, lakini yeye alizaliwa Mji wa Kale na Kiswahili chake kilikuwa cha Mvita kuliko changu. Kila asubuhi aliingia na mfuko wa mahamri yenye moto na mbaazi za nazi kwenye bakuli la bati, na hakuna aliyeanza kazi kabla ya kula. Maziwa ya Tima nilikuwa nakamua chooni, nimeegemea ndoo, huku nasikia watu upande wa pili wa mlango wakibishana kuhusu mpira.

Ofisi ile ilitengeneza programu za watu wadogo wadogo: maduka, ukumbi wa harusi na hitima, zahanati moja ya watoto upande wa Liwatoni ambayo jina lake sitalitaja. Faraj alikuwa fundi mkuu, ana shahada, na alipenda ujue anayo. Mimi niliajiriwa kuingiza majina na kubonyezabonyeza kila kitu nione kama kinafanya kazi. Miezi miwili baadaye nilikuwa namwendesha Karani, kwa sababu Faraj alikuwa amechoka naye.

Karani hakuwa mtu. Ilikuwa programu inayoandika programu nyingine, tukaipa jina hilo kwa kuwa haichoki kuandika na haiulizi kwa nini. Wewe wamwandikia maelezo mafupi kwenye faili: mgonjwa ana jina, ana umri, ana uzito, dozi ina siku yake, ni ya asubuhi au ya jioni, imetolewa au haijatolewa. Wambonyeza, naye atoa kurasa ambazo mtu angezihangaikia mwezi mzima. Sasa, kuna vitu ambavyo kila kazi yavitaka: siku, namba ya simu, jina la mtaa. Hivyo Faraj alivieleza mara moja tu, kwenye faili moja tuliloliita Pamoja, na kila kazi ilianza kwa mstari usemao: agiza Pamoja, yaani tumia vilivyoandikwa humo. Taabu ndiyo hii inayofuata, na ndiyo taabu yote ya mwaka ule. Karani akikutana na kitu kilichoagizwa, afanyeje? Akiandike upya humu ndani, nakala ya kazi hii peke yake? Au asikiandike kabisa, aelekeze tu: kiko kule, kachukue? Nilikuwa nikilieleza kwa kinu cha chini yetu. Kila nyumba ikiwa na kinu chake, kimoja kikiharibika wengine hula salama, ila nyumba kumi zina bizari kumi ambazo hazifanani. Wote wakisaga kinu kimoja, bizari ni moja. Lakini siku mtu akitia mchanga kwenye kinu hicho, mtaa mzima watafuna mchanga. Wenyewe wenye elimu yao hulieleza kwa maneno marefu zaidi. Sijaona waliloongeza.

Karani, ukimwacha na tabia yake, aliandika nakala, na akishaiandika haigusi tena mpaka uifute. Ukumbi ulikuwa na Siku yake, maduka yana Siku yao, zahanati ina mbili: moja ya wodi, moja ya chumba cha dawa. Ikafika wakati zahanati wakataka wodi na chumba cha dawa vizungumze, muuguzi akibonyeza huku wa dawa aone kule. Havikuzungumza. Kompyuta ilikataa katakata, ikasema Siku ya wodi si Siku ya chumba cha dawa, ijapokuwa zimeandikwa herufi kwa herufi sawasawa. Nilishinda nayo siku mbili. Nikamwendea Faraj. Akaniambia bila kugeuza shingo, "Mwambie Karani vya kuagizwa asiviandike. Kuna mahali pa kumwambia. Mpe orodha, kila kitu kiko wapi, atavielekeza mwenyewe." Nikapatafuta hapo mahali mpaka nikapaona. Nikaandika orodha, vitu kumi na viwili, mstari mmoja mmoja. Siku: usiandike, iko Pamoja. Simu: usiandike, iko Pamoja. Nikafuta zile nakala za zahanati, nikambonyeza Karani, na kila kitu kikafunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Nilifurahi nikamrusha Tima juu. Nikamwendea Faraj, akiwa anakula viazi karai, mkono mzima umeingia kwenye ukwaju, nikamwambia, "Zahanati haina tena nakala. Yachukua Pamoja moja kwa moja." Akasema, "Sawa sawa." Nimemsikia kwa masikio yangu. Ila sikuliandika popote, na yeye alikuwa anatafuna.

Wiki tatu baadaye walikuja mabibi harusi wawili. Si wao wenyewe, mama zao. Wamepanda ngazi zetu pamoja, mabuibui yamejaa unga wa bizari, msimamizi wa ukumbi nyuma yao anatokwa jasho. Wa kwanza akasema, "Mwanangu aingia ukumbini usiku wa Ijumaa, na kadi zimeshatoka." Wa pili akasema, "Wangu ni Alhamisi, baada ya magharibi, na mpishi ameshaloweka mchele." Msimamizi akasema, "Shabirbhai, ni usiku huo huo mmoja, na programu yenu imewakubali wote wawili." Yule wa pili akamtazama mwenzake juu mpaka chini. "Mwenye adabu angehama." "Mwenye adabu ni nani? Wewe uliyealika mji mzima kwenye ukumbi wa kuazima?" Tulikufa kwa kicheko chini ya meza, nasema kweli, hata Tima alicheka kwa kutuona sisi. Lakini Shabirbhai hakucheka. Aliwapatanisha kwa saa mbili nzima na chupa mbili za chai ya tangawizi, na walipokwisha kushuka akamwambia Faraj, "Siku ya watu wa hapa yaingia magharibi. Hata mtoto wa chuo cha Kurani ajua. Nyinyi mwaniwekea siku ya saa sita za usiku, siku ya nani hiyo? Itengenezeni." Faraj akaitengeneza. Mistari michache, na jedwali la nyakati za adhana. Akaandika ndani ya Pamoja, akafuta nakala ya ukumbi ili Karani aiandike upya, kwa sababu Siku iliandikwa Pamoja, na kwa sababu alijua kichwani mwake kwamba wengine wote wana nakala zao na hawatadhurika.

Kila Jumamosi mchana mimi nilimwendesha Karani kwa kazi zote, moja baada ya moja, ili wateja wapate vipya. Karani alikuwa na desturi ya kuandika orodha kwenye kioo kabla ya kuendelea, mistari ya vile vilivyoagizwa, na chini yake neno Endelea. Mistari kumi na miwili, ile ile kila wiki. Unaisoma mara ya kwanza, unaisoma mara ya pili, mara ya kumi huisomi. Jumamosi ile nilipofika kwenye kazi ya zahanati, mmoja ulikuwa wa njano. Ulisema: Siku imebadilika tangu mara ya mwisho. Tima alikuwa anaota jino na amelia tangu saa nne. Kinu kinanguruma, mkono mmoja nimemshika, titi limejaa linauma. Niliuona ule mstari. Nikabonyeza Endelea.

Siku kumi na moja baadaye, Jumatano asubuhi, Sista Dama alipanda ngazi zetu. Alikuwa muuguzi mkuu wa zahanati, mwanamke mfupi wa Kilifi, sauti yake imezoea kupanda juu ya vilio vya watoto. Hakusalimia, na hapa mjini mtu asiposalimia ujue pana jambo. Akaweka daftari juu ya mbaazi za Shabirbhai. "Nina mtoto wa miezi minne ana nimonia," akasema. "Sindano mara mbili kwa siku, asubuhi saa kumi na mbili, jioni saa kumi na mbili. Jana jioni programu yenu yasema imetolewa. Daftari langu halina sahihi. Nimewauliza wauguzi wote, hakuna aliyempa. Alfajiri homa imepanda mpaka akatetemeka kitandani. Basi niambieni, nani alimpa? Jini?" Shabirbhai akasimama, akamwomba aketi. "Sitaki kiti. Programu nimeizima. Nataka kujua kuna nini ndani yake, na nataka kwa maandishi kabla ya Ijumaa kwisha." Akashuka. Faraj, bila hata kupandisha sauti, akasema, "Anayemwendesha Karani ni Mama Tima. Alivuruga mipangilio yake mwenyewe. Mimi shule nilizosoma hazikunifundisha kumwachia mtoto wa kidato cha nne mambo ya hospitali." Alilisema mbele yangu. Alikuwa ameshika hamri.

Mchana ule Shabirbhai aliniita kwenye kile chumba chake kidogo chenye mashelefu ya majora ya zamani, akanisukumia karatasi. Ilikuwa imeshapigwa chapa. Mimi Rukia, kwa uzembe wangu, bila idhini, nilibadilisha. Chini kuna mstari wa sahihi. "Utie sahihi kesho jioni," akasema kwa upole, "kisha upumzike nyumbani kidogo. Nitakuandikia barua nzuri uende pengine." Nikamwambia, "Barua nzuri gani, na hii yasema mimi ni muuaji wa watoto?" Akasema, "Usikuze maneno, mama." Nikamwambia nipe mpaka kesho jioni hiyo hiyo.

Watu hudhani hasira ni kupiga kelele. Hasira yangu siku ile ilikuwa kusoma. Nilikaa na kazi ya zahanati, faili baada ya faili, nikitafuta ile jioni ya Jumanne imetoka wapi. Nilifika mahali dozi inapouliza leo ni siku gani, na hapakuwa na jibu hapo, palikuwa na kielekezo tu: kachukue Pamoja. Nikaenda Pamoja. Nikaona neno magharibi, na jedwali zima la adhana chini yake. Nikatazama saa zilizobonyezwa, nikajua hapo hapo. Jumatatu wagonjwa walijaa, muuguzi akachelewa, akampa mtoto sindano baada ya adhana, akabonyeza "jioni, imetolewa". Kwa programu hiyo haikuwa Jumatatu tena, ilikuwa Jumanne imeshaingia, alama ikaenda kukaa kwenye jioni ya Jumanne. Kesho yake muuguzi mwingine akafungua saa kumi na mbili kamili, kabla ya adhana, akaona jioni ya Jumanne imeshatolewa. Akashukuru kwamba mwenzake amemtangulia, akaenda kitanda cha pili. Ndiyo hivyo tu. Kisha nikakumbuka ule mstari wa njano, na sikumwambia mtu. Nilimnyonyesha Tima pale sakafuni, nikitazama neno magharibi mpaka likaacha kuwa neno.

Alhamisi, saa kumi na mbili na robo, niliwaketisha. Shabirbhai kwenye kiti chake, Faraj mlangoni na funguo mkononi. Niliwafungulia ile programu ya zahanati ya kujaribia, kioo kimewageukia wao. Juu yake imeandikwa Alhamisi. "Twangoja nini?" Faraj akauliza. "Adhana." "Mama Tima, kuna mtu anisubiri Makupa." "Na mtoto wa watu alisubiri sindano. Kaa." Sijui nilitoa wapi sauti ile. Akakaa. Dakika kumi zikapita. Chini, mwenye kinu alikuwa anakung'uta magunia, mteja anamwambia, "Hiyo binzari umenipimia na vumbi lake?" naye anajibu, "Vumbi ni sadaka, dada." Tima anatafuna kifuniko cha chupa. Shabirbhai alikuwa ameshavaa kofia yake nyeupe yenye uzi wa dhahabu, tayari kwenda kuswali. Msikiti wa kwanza ulipoanza, kioo kikapepesa mara moja, na pale palipoandikwa Alhamisi pakaandikwa Ijumaa.

Shabirbhai akasoma ile Ijumaa kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma jina kaburini. Faraj akasimama. "Haiwezekani. Kila kazi ina nakala yake. Mimi nimebadilisha ya ukumbi tu!" "Zahanati haina nakala," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyeniambia niziondoe." "Lini?" "Na nilipomaliza nilikuja kukwambia." "Lini, nakuuliza?" "Ulipokuwa wala viazi karai, Faraj. Ukasema sawa sawa." Shabirbhai akamtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akatazama mikono yake mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyesema siku yaingia magharibi. Akatoka kwenda kuswali.

Aliporudi, ile karatasi ya kutia sahihi aliichana vipande vinne mbele yangu. Ningeishia hapa, hadithi ingekuwa tamu, nami ningekuwa shujaa. Lakini alikuwa ameshapiga chapa nyingine, ya kumpelekea Sista Dama. Ilisema kumetokea hitilafu ya mashine, imeshatengenezwa, twaomba radhi kwa usumbufu. Jina la mtu hakuna. "Kazi yako iko," akasema. "Tima ni mjukuu wangu. Funika kombe mwanaharamu apite." Nikaisoma mara mbili. Nikamwambia, "Shabirbhai, zimepita jioni kumi na moja. Alama zimekaa mahali si pake jioni zote hizo. Barua hii haimwambii Sista Dama arudi nyuma aangalie watoto wengine." Akasema, "Mtoto amepata nafuu, alhamdulillahi." "Huyo mmoja. Na wengine?" "Ukiwaandikia hivyo watauliza ni wangapi." "Si haki yao kuuliza?" Akapiga meza kwa kiganja, mara ya kwanza tangu nimjue. "Watu sita wala kwa kazi ya zahanati ile! Wewe mmojawapo! Wataka niwaambie nini wake zao?" Faraj kutoka mlangoni akasema, "Mashine ni mashine, Mama Tima, wewe waumia nini?" Nikamwambia, "Mashine haina mdomo. Ingekuwa nao ingekutaja." Nikaanza kuchapisha orodha: kila mtoto, kila jioni, saa iliyobonyezwa. Shabirbhai akasema polepole, "Ukipita mlango huo na karatasi hizo, usirudi." Nilimfungua Tima kwenye chandarua. Chandarua nilikiacha.

Mpaka leo sijui kama ningepita mlango ule kama nisingekuwa nimeuona mstari wa njano. Nimejiuliza hilo nikiosha vyombo, nikimsuka Tima, ambaye sasa ana miaka minane na hanisikii. Mtu asiye na kosa lake hujifungia nyumbani na haki yake, ameshashinda, inatosha. Mimi nilikuwa nimeshinda kwa nusu ya ukweli, na ile nusu nyingine ilikuwa mfukoni mwangu inanichoma. Ninayo kazi yangu siku hizi, ya aina ile ile, na makarani wa siku hizi ni werevu kuliko yule wetu. Bado wanauliza swali lile lile kuhusu vitu vya kuagizwa, na bado chini kuna neno Endelea. Vijana ninaofanya nao wananicheka kwa jinsi ninavyosoma polepole.

Ijumaa asubuhi nilikwenda Liwatoni kwa miguu, Tima ubavuni, karatasi ndani ya kanga. Sista Dama alinikalisha kwenye chumba cha sindano. Nilimweleza yote. Magharibi, Pamoja, nakala, viazi. Alisikiliza bila kupepesa macho. Nilipofika mwisho nikasema, "Na kuna jingine. Karani alinionya kwamba Siku imebadilika. Niliona. Nikabonyeza Endelea." "Uliona?" "Niliona." "Ukajua maana yake?" "Sikujua. Sikuuliza." Sista Dama akavuta kiti kingine, akafungua daftari lake, akasema, "Soma."

Nikasoma majina na jioni zake, naye anafuata sahihi kwa kidole. Mahali pengi palikuwa na sahihi. Watoto wawili walikosa dozi wakapewa asubuhi yake, bado wako wodini, anawaona kila siku, wako salama. Tukafika kwa Aboud, miezi sita. Jioni yake ya mwisho programu inasema imetolewa, daftari ni jeupe, na kesho yake alfajiri ameruhusiwa kwenda nyumbani kwa kuwa amemaliza dozi. Sista Dama akachukua simu. "Mama Aboud? Habari za nyumbani? Mtoto aendeleaje?" Nilisikia sauti ya mwanamke ndani ya simu, mbali, ikisema homa yarudi rudi jioni, na kifua chatoa mlio, lakini mamake amemwambia ni meno. "Mlete," akasema Sista Dama. "Hapana, si kesho. Panda tuk-tuk, uje sasa hivi."

Aboud alipona. Nalisema sasa ili usinisome ukiwa umeshika pumzi, kama nilivyoishika mimi nusu saa nzima kwenye benchi la zahanati, mwanangu akinivuta pete ya sikio. Tuk-tuk ikasimama. Akashuka mwanamke wa rika langu, leso moja kichwani, moja imemfunika mtoto, uso wake haujalala. Sista Dama akampokea mtoto mlangoni, akaingia naye ndani, na yule mama akabaki amesimama na mikono mitupu, hajui pa kuiweka. Akaniona nimesimama mbele yake, akadhani mimi ni mfanyakazi. "Mbona wameniita mbio mbio hivi?" akauliza. "Kwani kuna nini? Na wewe ni nani?" Nikamwambia jina langu, na la babangu, na la babu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Nikamwambia aketi. Kisha nikaanza kumweleza, na nilianzia kwenye ule mstari wa njano.